Mama asiyejua Kifaransa anaweza kufundisha hesabu



Kila mwaka masomo yakianza, nasikia neno lile lile kutoka kwa wamama: « Mwalimu, mimi sikusoma. Nikifungua kaye ya mtoto, yote ni Kifaransa. Nitamsaidia namna gani? » Wanalisema kwa sauti ya chini, kama watu wenye deni.

Ninawaelewa. Tangu 2019 masomo ya shule za msingi za serikali ni ya bure, na ni jambo jema, lakini madarasa yamejaa. Mimi na chaki yangu siwezi kukaa na kila mtoto peke yake. Kama nyumbani hakuna mtu wa kuhesabu naye, mtoto anabaki nyuma kimya kimya. Na hapa Kolwezi, mtoto aliyechoka na masomo hakosi pa kwenda. Mawe ya kuosha yapo. Mnajua kwamba tangu 2014 kule Kasulo watu walichimba hata ndani ya parseli zao.

Kwa hiyo mimi nawajibu wamama kwa swali: « Mama, unajua kisolo? »

Wengi wanacheka. Wanakumbuka kijiji, babu zao, kivuli cha mti. Kisolo ni mchezo wa mashimo na mbegu wa Waluba na majirani zao. Ng'ambo ya mpaka, Zambia, wanauita chisolo. Kule pwani, Tanzania, Zanzibar na Kenya, wana ndugu yake anayeitwa bao, mwenye mashimo 32 na kete 64. Na kule Kasai, Wakuba wanasimulia kwamba ni mfalme wao Shyaam, wa karne ya 17, aliyewaletea mchezo wa namna hii. Sanamu yake ya mbao inamwonyesha amekaa, na mbele yake kuna ubao wa mchezo. Mfalme mwingine alichongwa pamoja na ngoma. Shyaam alichongwa pamoja na mchezo. Tangu 1909 sanamu hiyo iko London, katika British Museum. Basi anayesema huu ni mchezo wa watu wasio na kazi, amkumbuke mfalme huyo.

Ubao hauna bei. Chimba mashimo madogo mchangani, mistari 4, kila mstari mashimo 6. Mistari 2 ni yako, 2 ni ya mtoto. Weka mawe 2 katika kila shimo: mashimo 24, mawe 48. Hivyo ndivyo tunavyocheza darasani kwangu. Vijiji vina desturi zao, na kama kwenu mashimo yalikuwa 7, fuata ya kwenu.

Chukua mawe yote ya shimo lako moja, uyapande moja moja katika mashimo yanayofuata, ukizunguka upande wako tu. Ni kama likelemba yetu: kila mmoja anapata zamu yake, hakuna anayerukwa. Jiwe la mwisho likianguka kwenye shimo lenye mawe, yachukue yote uendelee. Likianguka kwenye shimo tupu la mstari wako wa mbele, unachukua mawe ya mwenzako yaliyo katika mashimo yake 2 yanayokutazama, unayaweka pembeni. Likianguka kwenye shimo tupu la nyuma, zamu imekwisha. Asiye na jiwe la kusogeza ameshindwa.

Sasa angalia hesabu iliyo ndani. Upande wako una mashimo 12. Ukiwa na mawe 14 katika shimo moja, yatazunguka mara moja na kupita mashimo 2. Mtoto aliyecheza siku chache anaona jambo hilo kwa macho, hahitaji kugusa kila shimo. Huko ni kugawanya na kubakiza, ndiko ninakoandika kwenye ubao kwa Kifaransa na nusu ya darasa inanitazama tu. Kisha muulize: « Wewe umechukua 13, mimi 9. Mchangani yamebaki mangapi? » Akisema 26, mwambie ahesabu mwenyewe ahakikishe. Huko ni kujumlisha na kutoa, na jibu liko chini ya mikono yake.

Nina mtoto mmoja darasani ambaye mbele ya ubao hafungui kinywa. Kwenye kisolo anasema kabla ya kushika jiwe: « Nitaishia pale. » Na anaishia pale. Tangu nilipoona hivyo, hesabu yake naianzia kwenye mawe, kaye inakuja baadaye. Mama yake anauza sombe sokoni, hajui kuandika jina lake. Siku ya mkutano wa wazazi tulicheza, akanishinda mara 2 mfululizo mbele ya mtoto wake. Nilikuwa na diploma yangu ya ISP, yeye alikuwa na akili ya sokoni, na mtoto aliona vyote viwili.

Sisemi kwamba mchezo unaleta unga nyumbani. Mtoto anayeleta franka kutoka kwenye mawe, mama yake ana sababu zake, na bukari haipikwi kwa maneno ya mwalimu. Lakini hata kule kwenye mizani ya wanunuzi wa madini, anayeibiwa kwanza ni yule asiyejua kuhesabu. Na mtoto anayekaa na mama yake nusu saa jioni, umeme uwepo au usiwepo, anajua kuna mtu nyumbani anayetaka kuona akili yake, si mikono yake tu.

Nina masharti matatu. La kwanza, pesa zisiingie. Mtoto akianza kuweka franka 100 juu ya mchezo, mchezo umekwisha, hiyo ni biashara nyingine. La pili, mwite na binti. Kwetu mara nyingi wavulana wanacheza dama kwa vifuniko vya chupa huku dada zao wanaosha sahani. Sahani zioshwe na wote, kisha wote wacheze. La tatu, usimwachie mtoto ushindi kwa huruma. Akishindwa, avumilie, apange mawe upya. Kushindwa kwa mawe 48 hakuumi sana, na mtoto aliyezoea kuanza tena hatatupa kaye kwa sababu ya alama mbaya moja.

Jioni ya leo, mtoto akishika mawe ya shimo lake, mwambie angoje kidogo. Muulize kwanza ataishia wapi, na kwa nini amechagua shimo lile. Ajibu kwa Kiswahili, kwa Kiluba, kwa Kisanga, kwa lugha yoyote ya nyumbani kwenu. Kifaransa chake kitakuja. Hiyo ni kazi yangu.