Jazi ya Baba

Wiki ya pili ya mwaka wa kwanza nilichekwa chumbani kwa sababu ya neno moja. Tulikuwa wanne, bado tunasomana tabia, kila mtu anataja muziki anaoupenda. Mmoja akasema Bongo Fleva tu. Wa pili gospo. Wa tatu akasema anasikiliza kila kitu, ambalo ni jibu la mtu asiyesikiliza chochote. Zamu yangu ilipofika nikasema kwa kujiamini kabisa: mimi ni mtu wa jazi, tangu utotoni.

Dada wa kitanda cha juu alifurahi mpaka akashuka. Kumbe na yeye ni mtu wa jazi. Akaunganisha simu na sabufa yake, akaweka wimbo. Piano kidogo, besi, halafu wapulizaji. Nikasubiri. Dakika ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mwisho nikauliza, "Mbona hawaanzi kuimba?"

Walicheka hadi chumba cha pili wakagonga ukuta.

Ule ulikuwa muziki wa Miles Davis, albamu ya Kind of Blue iliyotoka mwaka 1959, na jioni ile niliuchukia. Lakini naomba mnielewe, sikuwa nimedanganya. Kwetu Morogoro jazi haihitaji maelezo. Ni Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz, Kilwa Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga. Ni magitaa yanayosemezana, saksafoni pembeni, na mtu anaimba kwa Kiswahili kuhusu mke, mshahara au rafiki mnafiki. Neno hilo lilipofika huku lilimaanisha bendi ya kisasa ya kuchezesha watu dansi, basi. Dar es Salaam Jazz walilitumia tangu miaka ya 1930. Hata kule Kongo, Franco na wenzake walipoanzisha OK Jazz mwaka 1956 walikuwa wanapiga rumba, na hakuna aliyewadai jazi ya Marekani.

Baba yangu ni fundi cherehani. Anashonea barazani, na kwa miaka yote ninayokumbuka kulikuwa na redio kaseti kwenye stuli karibu na mguu wake wa kushoto. Kaseti zilikaa kwenye boksi la viatu. Betri zikichoka tulizianika juani, na kaseti tulizirudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili kuokoa hizo betri. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza duniani. Msanii wake ni Mbaraka Mwinshehe, na kwa Morogoro hilo ni kama kusema mtu anapenda maji. Mbaraka alizaliwa mwaka 1944, akapigia Morogoro Jazz gitaa la solo, akaenda nayo mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari Mombasa. Baba alikuwa kijana anajifunza kushona. Anasema siku habari ilipofika, mafundi wote pale sokoni waliacha kukanyaga vyerehani, mtaa ukawa kimya kama saa ya mazishi.

Nyimbo za aina hiyo huanza polepole, hadithi inasimuliwa, halafu waimbaji wanakaa pembeni na magitaa yanachukua nafasi. Sehemu hiyo inaitwa chemko. Kwenye chemko baba alikuwa anaongeza mwendo wa cherehani bila kujijua. Ukiona suruali ya mtu pale mtaani ina mshono uliopinda, ujue ilishonwa kwenye chemko.

Sasa nifike kwenye kaseti.

Kwa miaka mingi Redio Tanzania ndiyo ilikuwa redio pekee huku Bara. Bendi ziliingia studio yake kurekodi, nyimbo zikapigwa hewani, na nyingi hazikuuzwa madukani. Ukiutaka wimbo, ulitega. Hata redio nyingine zilipoingia, wazee hawakuacha kutega. Baba alitega mwaka 1998. Wakati ule nyumba ilikuwa na redio ndogo isiyo na kaseti, kwa hiyo aliazima redio kaseti ya jirani, akaiweka uso kwa uso na ya kwake, akabonyeza kitufe cha kurekodi na kuwaamuru watu wote wanyamaze. Kaka yangu alikuwa mdogo, kuku walikuwa uani, mvua ilikuwa inataka kunyesha. Wimbo ukaenda vizuri hadi kwenye chemko. Pale katikati mama akacheka.

Sijui alicheka nini. Baba naye hakumbuki. Anachokumbuka ni kwamba alikasirika sana, kaseti imeharibika, ilibidi arudishe redio ya watu kesho yake asubuhi. Wakanuniana siku nzima.

Mama alifariki nikiwa na miaka minne. Mimi sauti yake siikumbuki, nasema ukweli. Nilichokijua ni kaseti moja yenye lebo ya bluu ambayo baba aliipenda kuliko nyingine, na kila ikifika kwenye chemko aliirudisha nyuma kidogo, ikacheza, akairudisha tena. Nilidhani anapenda ule mpigo wa gitaa. Kile kicheko nilikisikia mara nyingi sana, ila kwangu kilikuwa sehemu ya wimbo, kama kelele za mashabiki.

Nikiwa na miaka kumi nilitaka kurekodi nyimbo za Bongo Fleva kutoka redioni, nikamwonyeshe rafiki yangu. Sikuwa na kaseti tupu. Wale mliozaliwa na simu mkononi niwaeleze: kaseti ina vidude viwili vidogo vya plastiki kwa juu, ukivivunja haiwezi kurekodiwa tena. Baba alikuwa amevivunja vya hii ya bluu. Na mtoto yeyote wa wakati ule alijua kwamba ukiziba lile tundu kwa karatasi iliyotafunwa, kaseti inakubali. Kwa hiyo siwezi kusema niliteleza. Nilitafuna karatasi, nikaziba, nikarekodi pande zote mbili.

Hakunipiga. Aliiweka jioni, akasikia nilichorekodi, akadhani amekosea kaseti. Akaitoa, akaangalia lebo, akaona karatasi. Akaichomoa kwa sindano, taratibu kama anayetoa uzi kwenye kola, akairudisha kaseti kwenye boksi na kuendelea kushona. Ni kaka aliyenieleza usiku ni kitu gani nimefuta. Kwa miezi kadhaa baada ya hapo redio ya barazani ikawa ya taarifa ya habari na salamu tu.

Roki ndiyo iliyoivunja hali ile, na hapa ndipo watu wanapodhani natunga. Kaka alikuwa anafanya kazi Unguja. Alikuja likizo na diski zake, akawasha deki yetu iliyounganishwa na TV ya chogo, akaweka Queen kwa sauti ya juu. Mimi roki niliijua kama kelele za watu wenye hasira na nywele. Baba alivumilia nyimbo mbili kwa heshima ya mgeni. Kisha ukaja ule mrefu wa mwaka 1975, Bohemian Rhapsody, ambao unabadilika mara tatu nne kama vile bendi imegombana. Ndani yake kuna neno moja ambalo sisi Waislamu hulisema kabla ya kula. Baba akasimamisha cherehani. "Wamesema nini hawa?" Kaka akamwambia anayeimba ni mtoto wa Mji Mkongwe, kazaliwa Unguja mwaka 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake walihamia Uingereza mwaka 1964 na huko ndiko akawa Freddie Mercury. Baba hakuamini. Akaomba urudiwe. Lilipofika lile gitaa la solo, mguu wake ukaanza kwenda. Akasema, "Huyu mpiga gitaa kamsikiliza Mbaraka." Hilo halina ushahidi wowote, lakini nani angembishia? Kesho yake akalifungua boksi la viatu.

Ninaishi hosteli mwaka wa tatu sasa, na nimefikiri sana kuhusu stuli ile. Nyumba yetu ilikuwa na mashine moja, kwa hiyo muziki wa mmoja ulikuwa muziki wa wote, upende usipende. Mimi sikuichagua jazi; nililelewa nayo kama nilivyolelewa na ugali. Baba hakuichagua Queen. Chumbani kwetu hapa watu wanne tuna simu nne na spika nne za masikioni, na inawezekana tukamaliza wiki nzima bila kujua mwenzako analia kwa wimbo gani. Sisemi sabufa ni dawa. Boom likitoka tu, korido nzima inatetemeka, kila mlango na wimbo wake, na wapo walionunua sabufa kabla ya kununua desa, ambao mwisho wa semesta tunawaombea wasidisko. Ila kushindana kwa kelele hakujawahi kuwa kusikiliza pamoja. Sisi wa ualimu tunafundishwa kwamba stadi za lugha ni nne na kusikiliza ndiyo ya kwanza, halafu tukienda TP tunafundisha tatu zilizobaki. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo.

Yule dada wa kitanda cha juu, baada ya kucheka wiki mbili, ndiye aliyenifundisha kuisikiliza jazi yake. Siku moja umeme ulikatika, sabufa ikafa, simu yake tu ndiyo ilikuwa na chaji. Akaiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti ikue, akacheza tena wimbo uleule wa kwanza, So What. Akaniambia usisubiri mwimbaji, sikiliza besi inauliza na wengine wanajibu. Nikasikia. Besi inasema neno refu, wapulizaji wanaitikia kwa neno fupi, kama manju na waitikiaji wake ngomani. Baada ya hapo kila mmoja anapewa uwanja wake, Miles na tarumbeta, Coltrane na saksafoni, na hakuna anayerudia alichosema mwenzake. Yaani ni chemko. Wimbo ni chemko kuanzia karibu mwanzo hadi mwisho, ila hakuna anayekimbia. Na mwaka huo wa 1959 waliporekodi New York, Dar es Salaam vijana walikuwa wanaanzisha Western Jazz. Sidhani kama walikuwa na habari zao.

Likizo iliyopita nilimpelekea baba flashi yenye nyimbo kama mia mbili za bendi za zamani, nilizopakua kwa bando la kwangu mwenyewe. Anayo redio ndogo ya kuchomeka flashi sasa, ile redio kaseti mkanda wake ulikatika na hakuna fundi anayetaka kuigusa. Alishukuru, akasikiliza siku mbili. Ya tatu nikamuuliza anazionaje. "Nzuri, mama. Safi mno. Zimekuwa kama zimefuliwa." Sikuwa na la kujibu. Kati ya zile mia mbili ulikuwemo na ule wimbo wa kaseti ya bluu. Ulipofika kwenye chemko sote tuliangalia chini, yeye kwenye kitambaa, mimi kwenye mchele niliokuwa napeta. Ukapita. Gitaa peke yake.

Hatukuwahi kulizungumza jambo hilo, miaka kumi na miwili.

Jioni kabla sijarudi chuo nikamwambia nina jazi nyingine, ya Wamarekani, avumilie. Nikachomeka. Nikaweka simu yangu kwenye ile stuli, uso juu, na bila kumwambia nikabonyeza kurekodi. Ninayo hapa ninapoandika. Inasikika piano, besi, na cherehani, maana hakuacha kushona. Anapita muuza maandazi. Dakika ya tatu kunasikika sauti yake, "Huyu mwimbaji wao kachelewa usafiri?", na mimi nacheka. Nacheka sana kwa kweli, wimbo wenyewe haufai tena. Baada ya hapo cherehani inaanza kwenda na besi, kidogo nyuma ya mpigo.

Wimbo ulipokwisha nikachukua simu, akaniona nabonyeza.

"Ulikuwa unatega?"

"Ndiyo, baba."

Akakata uzi kwa meno, akaigeuza ile suruali upande wa pili.

"Umevunja kidude chake?"

Nikamwambia simu haina kidude.

"Basi mtafutie kaka yako, na yeye awe nayo," akasema. Nilimtumia usiku uleule, kwa WhatsApp.