NIMEZAMIA MELI, LAKINI SIYO YA KWENDA ULAYA

Ukimwambia mshikaji wa mjini kwamba unakwenda kuzamia meli, moja kwa moja anajua una mpango wa kujificha kwenye shehena uibukie Durban au Ugiriki. Ndivyo ilivyokuwa kwa masela wa kijiweni kwetu Shinyanga nilipowaaga. Mmoja akanivuta pembeni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimeshapata mtu wa ndani bandarini. Nikamwambia meli ninayoizamia mimi iko chini ya maji tangu mwaka 1914 na haina safari yoyote. Kijiwe kizima kikaangua kicheko. Wakasema elimu imenichanganya.

Msomaji wangu, usicheke bado. Ngoja nikupe mkanda mzima.

Mimi ni mtoto wa Shinyanga. Kwetu maji ni ya lambo, na kitu kikubwa nilichowahi kukiona kimezama ni ndama wa jirani. Lakini mashimo nayajua. Kaka yangu mkubwa anachimba dhahabu Nyarugusu, mkoani Geita, na nilipomaliza kidato cha nne bila maksi za kujivunia, nilimfuata huko. Hakuniruhusu kushuka hata siku moja. "Wewe umesoma," akasema, "kaa juu ushike kamba." Basi nikawa mtu wa kamba. Wao wanashuka kwenye duara, mimi nabaki mdomoni. Kamba ikivutwa mara moja napandisha kiroba cha mawe, ikivutwa mara tatu napandisha mtu.

Mwaka wa pili wa kazi hiyo, mvua ilipiga usiku kucha. Asubuhi wakashuka sita. Haikupita saa moja, maji yaliyojaa kwenye duara la jirani yakapasua ukuta na kuingia kwetu. Nilikaa pale mdomoni mpaka jua linakuchwa, kamba mkononi, nasubiri ivutwe. Wanne walitoka mapema. Kaka alitoka jioni, mweupe kwa tope kama mzuka. Wa sita hakutoka. Siku ya tatu wazee wakasema inatosha, shimo likafukiwa, na ndugu zake wakarudi kwao mikono mitupu. Tangu siku hiyo sikushika kamba tena. Nikahamia kwenye kalamu, ambako ukikosea unafokewa tu na mhariri.

Sasa hii safari ilianzaje? Siku moja nilimsimulia kaka habari za meli ya kivita ya Waingereza iliyolala chini ya bahari Zanzibar, na kwamba kuna watu wanalipa hela zao kushuka kuiangalia, kisha wanapanda juu wakicheka. Kaka alinitazama kama vile nimelewa.

"Wanashuka kuchukua nini?"

"Hawachukui kitu, kaka. Wanaangalia tu."

"Acha uongo, dogo. Hakuna mtu anayeshuka chini bila kuchukua kitu."

Miezi michache baadaye duara lao likatema. Kaka akanipa mshiko wa kutosha, thamani ya ng'ombe wawili wazuri mnadani, akasema: "Nenda kwenye hiyo meli yako. Ukirudi uniambie wanashukia nini."

Nikaondoka Geita kwa basi. Pale Kigongo na Busisi siku hizi hakuna tena kusubiri kivuko huku unauziwa samaki wa kukaanga dirishani. Tunapita juu ya Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 za zege, lililofunguliwa Juni 2025. Nilipoyaangalia maji yale nikakumbuka kwamba hata ziwa letu lilikuwa uwanja wa vita. Mwezi Novemba 1914 meli ya Waingereza iliyoitwa Sybil iligonga mwamba upande wa Majita, ikaachwa hapo. Waingereza hawakukubali. Mwaka 1915 walirudi, wakainasua, wakaondoka nayo. Mwanza yenyewe waliiteka Julai 1916.

Mwezi huohuo, kule Kigoma, Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao meli yao Graf von Götzen ili adui asiipate, lakini kwanza wakazipaka injini zake grisi nzito zisile kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya Ziwa Tanganyika kwa jina la Liemba. Unaona mambo hayo? Huku kwetu bara chuma hakiachwi chini. Kina wenyewe, na wenyewe hukifuata.

Lakini kwenye basi hakuna aliyezungumzia Sybil. Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu alifumba macho mpaka tukamaliza daraja. Nilipomuuliza akasema neno moja tu: "Bukoba." Mimi Mei 21, 1996 nilikuwa sijazaliwa, lakini nani asiyejua? MV Bukoba ilipinduka karibu kabisa na Mwanza, na inakadiriwa watu zaidi ya 800 walikufa. Walionasa ndani walikuwa wakigonga bati. Tundu likatobolewa ili watolewe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, na meli ikashuka chini nao. Wengi wa waliopatikana wamelala makaburi ya Igoma. Mama yule alifumbua macho tulipofika nchi kavu, akanipa karanga.

Dar es Salaam nililala usiku mmoja, asubuhi nikakatiza Posta kwenda kupanda boti. Pale kati ya barabara kuna Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 kuwakumbuka Waafrika waliopigana na waliobeba mizigo katika vita ile. Wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na kuhara kuliko hata kwa risasi, na Wasukuma na Wanyamwezi walikuwemo kwa wingi. Sanamu ni ya askari mmoja. Jina la mpagazi hata mmoja sikuliona. Nikapita, maana boti haimsubiri mtu.

Zanzibar bwana! Sitakusimulia urojo wala Forodhani, hayo umeyasoma sana. Nilikwenda moja kwa moja kwenye duka la wapiga mbizi Mji Mkongwe. Kilichonipokea mlangoni ni mlio wa kompresa. Nikasimama kama nimepigwa shoti. Mlio uleule wa Nyarugusu! Kule kompresa inasukuma hewa chini kwa bomba, hapa inajaza mitungi.

Mwalimu wangu alikuwa Mzanzibari wa makamo, mpole, mwenye kanzu mchana na suti ya mpira asubuhi. Nikamwambia nimekuja kuiona Pegasus. Akatabasamu.

"Karibu sana, mdogo wangu. Umeshapiga mbizi mara ngapi?"

"Lambo linahesabika?"

Hakucheka. Akanieleza taratibu kwamba Pegasus iko kama mita 40 chini, na mwanafunzi wa kozi ya kwanza mwisho wake ni mita 18. Ukiwa juu ya maji mwili wako unabanwa na hewa ya kawaida. Kila ukishuka mita 10 unaongezewa mzigo kama huo, kwa hiyo mita 40 unabanwa mara tano. Na hewa nayo unaila mara tano. Mtungi ambao ungekaa nao saa nzima juu, kule unaumaliza kwa dakika 12. Tena kuanzia kama mita 30 naitrojeni inaweza kukulewesha kama vile umepiga gongo, ukaanza kuona kila kitu ni sawa tu. "Wengi hawafi kwa papa," akasema. "Hufa kwa kuona kila kitu ni sawa."

Nilikwenda darasani na kwenye maji mafupi siku tatu. Sheria zao hazina utani. Usishuke peke yako. Kagua mtungi wa mwenzako naye akague wako. Usizuie pumzi hata sekunde moja. Ukipanda, panda polepole, na ukifika mita 5 simama dakika tatu ndipo utoke. Ukimaliza kuzama usipande ndege mpaka ipite siku nzima, na hata basi la kwenda milimani usilikimbilie, maana huko juu hewa ni nyepesi na mwili bado una naitrojeni ya chini. Nikamwambia sisi Geita tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari. Akasema, "Basi utapumzika kwetu, mdogo wangu. Hakuna haraka."

Siku ya nne akanipeleka kwenye Great Northern, meli ya kutandaza nyaya za simu chini ya bahari, iliyozama mwaka 1902. Siyo ya vita, lakini iko mita 12 tu, saizi ya mwanafunzi. Nikafungwa mkanda wenye vipande vya risasi kiunoni, nikaangukia mgongo kutoka kwenye boti, bluu ikanifunika.

Nikuambie ukweli? Dakika ya kwanza nilikuwa Nyarugusu. Nilisikia maji tu na moyo wangu. Nikaanza kuhema haraka haraka, mkono ukanyanyuka wenyewe kutafuta kamba ambayo haipo. Mwalimu akanishika kifundo cha mkono, akanionyesha mdomo wake: vuta, toa. Vuta, toa. Mpaka nikatulia. Ndipo nikaiona. Mabati yameliwa na kutu, matumbawe yameota kila kona, samaki wa njano wanaingia na kutoka kama wapangaji wa Kariakoo. Nikanyoosha kidole nikiguse chuma, mwalimu akanipiga kikofi mkononi. Hakuna kugusa, hakuna kuchukua.

Kesho yake kulikuwa na safari ya Pegasus. Wapiga mbizi wazoefu watatu, Mtanzania mmoja na watasha wawili. Mimi nikaomba kubaki kwenye boti. Njiani mwalimu akanihadithia. Jumapili alfajiri, Septemba 20, 1914, Pegasus ilikuwa imesimama bandarini Zanzibar inatengenezwa mitambo yake. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ikatokea, na mizinga yake ilikuwa inafika mbali kuliko ya Waingereza. Pegasus ikapigwa bila kuweza kurudisha kipigo cha maana. Mabaharia wengi wakafa, wengine wakajeruhiwa, na mchana meli ikazama. Baadhi yao wamezikwa kisiwa cha Chapwani, jirani hapo. Königsberg nayo ikajificha delta ya Rufiji, na Julai 11, 1915 ikamalizwa hukohuko. Leo mzinga mmoja wa Pegasus na mmoja wa Königsberg umewekwa pamoja Fort Jesus, Mombasa, kama wazee waliopatana.

Wale watatu wakaruka, wakapotea. Nikabaki mimi na kijana wa boti. Hakuna cha kuangalia isipokuwa mapovu. Nikataka kupiga soga, kijana akaniinulia kiganja ninyamaze. Macho yake yalikuwa kwenye mapovu na kwenye saa, mapovu na saa. Pembeni yake kulikuwa na mtungi wa akiba, mtungi wa oksijeni na redio. Baadaye mapovu yakasogea pamoja, yakakaa mahali pamoja. "Wako mita 5," akasema. "Wanasubiri." Alijua, msomaji. Alijua wako wangapi, wako wapi, na wana hewa ya dakika ngapi. Nikageuka upande wa pili nikajifanya upepo umenitia chumvi machoni. Siku ile Nyarugusu mimi sikuwa na saa, wala hewa ya akiba, wala sikujua lolote. Nilikuwa na kamba tu.

Vichwa vitatu vikaibuka. Kijana akahesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu. Ndipo akaanza kuongea na mimi.

Nimerudi Geita, na kabla ya kuandika haya nilikwenda Nyarugusu kutoa ripoti. Kaka alikuwa amekaa karibu na karasha, vumbi mpaka kwenye kope. Nikamweleza yote. Kwamba kweli hawachukui kitu. Kwamba mizinga ilishapandishwa zamani ikawekwa mahali pa maonyesho, na wanaoshuka leo wanakwenda kuangalia walikofia watu, wanarudi. Nilidhani atanicheka. Akakaa kimya, kisha akauliza swali ambalo sikulitegemea.

"Yule kijana anayebaki juu ya boti, analipwa?"

"Analipwa, kaka. Na safari haianzi bila yeye."

Akakwangua tope kwenye buti kwa kijiti. "Sisi mtu wa juu tunampa mgao wa mwisho," akasema. "Yule tuliyenaye sasa ana miaka kumi na nane. Wewe ulikuwa na ngapi?"

"Kumi na tisa."

Hakusema zaidi. Kesho yake asubuhi, nikiwa nasubiri gari la Geita mjini, nilimwona akimwita yule dogo wa kamba. Akavua saa yake ya mkononi, akamfunga. Kisha wakahesabiana kwa sauti wote watano, wakashuka.

Gari langu lilikuja. Sikupanda. Nilikaa mdomoni na yule dogo mpaka kamba ilipovutwa mara tatu, na mara tatu, na mara tatu, wote watano wakatoka. Ndipo nikatafuta usafiri mwingine. Masela wa Shinyanga mnisamehe kwa kuchelewa. Sikuleta zawadi ya Ulaya. Tukutane wiki ijayo.