Nyumba ya Marehemu na Kiyoyozi Kilichochoka



Juma hili tunawaandikia juu ya jambo ambalo kwa sura yake ni dogo: kiyoyozi. Walioko Tukuyu na Mbeya mjini, ambako watu hulala kwa blanketi, watuwie radhi. Walioko Kyela watatuelewa upesi. Mji wetu uko takribani meta 500 tu juu ya usawa wa bahari. Ziwa li jirani, mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo inamwaga maji yake katika bonde hili tambarare, na mvua zetu ni nyingi mno. Ifikapo Oktoba na Novemba, joto lenye unyevu huingia katika nyumba ya bati likakaa humo hata usiku wa manane.

Kaka yetu, ambaye sasa ni marehemu, alijenga nyumba hapa mjini, na katika chumba cha kulala akafunga kiyoyozi. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kumwanza, na joto lilimnyima usingizi. Baada ya kifo chake, shemeji yetu na watoto walirudi kuishi Ipinda, karibu na mashamba, na wanandugu tukakubaliana kwamba nyumba ya mjini iuzwe ili watoto watatu wasome. Sisi, kwa kuwa tu wakubwa na tunakaa karibu, tulipewa kazi ya kusimamia mauzo.

Kiyoyozi kile kilikuwa kimechoka. Asubuhi kilipuliza ubaridi wa kutosha. Mchana kikizidiwa na joto kilinguruma dakika ishirini, kisha kikazima chenyewe. Tulimwita fundi. Akafungua mtambo wa nje, akatuonyesha mapezi yaliyoliwa na kutu na alama za mafuta kwenye maungio ya bomba. Alitufundisha jambo ambalo hatukulijua: gesi ya kiyoyozi haitumiki ikaisha kama mafuta ya taa katika koroboi. Inazunguka humo kwa humo, ikichukua joto la ndani na kulitoa nje. Ikipungua, basi inavuja mahali. Nayo kompresa, ikifanya kazi na gesi pungufu, huchemka mpaka kinga yake ikate umeme.

“Baba Paroko,” akasema, “njia ni tatu. Tukijaza gesi kwa shilingi 150,000, kitafanya kazi vizuri mwezi mmoja au miwili. Mkitaka kipya, pamoja na kukifunga, andaeni 1,600,000. Au mkiache kama kilivyo.” Kisha akaongeza kwa sauti ya chini: “Kwa mtu anayeuza, wengi huchagua ile ya kwanza.”

Tulikwenda kwa dalali kuuliza kama kipya kitarudisha gharama yake. Alicheka kwa heshima. Mnunuzi wa Kyela, alisema, anatazama kiwanja, kuta, bati, maji, na kama gari linafika mlangoni wakati wa masika. Kiyoyozi ni nyongeza: kikiwepo atafurahi, lakini hatakilipia milioni na nusu. Tena, mwenye uwezo atapenda kuchagua chake mwenyewe. Basi kununua kipya ili tuuze kulikuwa ni kutumia fedha za watoto bila faida. Hilo lilikwisha mapema.

Zilibaki njia mbili, na hapa tunakiri udhaifu wetu. Mnunuzi alikuwa mwalimu kutoka milima ya Rungwe, aliyehamishiwa Kyela. Alikuja kutazama nyumba mwezi wa Julai, wakati ambapo hata kwetu hali ya hewa ni ya kuvumilika. Sisi tulimpangia saa tatu asubuhi. Tulijiambia kwamba ni kwa sababu ya ratiba yetu ya kazi. Kiyoyozi kiliwashwa, kikapuliza, naye akatabasamu na kusema kwamba mke wake, aliyezoea baridi, sasa hatamlaumu kwa uhamisho huu. Hatukusema neno. Usiku ule usingizi ulichelewa kutufikia.

Seminarini tulisomeshwa jambo hili hili. Cicero, Mroma aliyeandika kitabu chake juu ya wajibu mwaka 44 kabla ya Kristo, aliuliza habari ya mtu anayeuza nyumba ambayo yeye peke yake anajua kwamba ina nyoka vyumbani na mbao zake zimeoza. Je, anyamaze? Cicero alijibu kwamba kumwacha mnunuzi akosee kwa faida yako si haki. Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, alipambanua vizuri zaidi: kasoro iliyo wazi, kama farasi mwenye jicho moja, si lazima kuitangaza, mradi bei iwe ya haki, bali kasoro iliyofichika, inayoweza kumletea mnunuzi hasara au hatari, lazima isemwe. Hata Sheria ya Mikataba ya nchi yetu, Sura ya 345, inahesabu kuficha jambo kwa vitendo kuwa ni udanganyifu, ingawa kunyamaza kwenyewe kwa kawaida hakuhesabiwi hivyo isipokuwa mtu awe na wajibu wa kusema. Kujaza gesi katika bomba linalovuja ili mgeni apulizwe ubaridi, wapendwa, si kunyamaza tena. Isitoshe, gesi yenyewe ilikuwa ile ya R22, inayoharibu tabaka la ozoni. Chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987, nchi zinazoendelea zinaipunguza hatua kwa hatua ili ifikapo mwaka 2030 ibaki kidogo sana, kwa matengenezo tu. Mwalimu yule angerithi mtambo mbovu, na pia gesi ambayo kila mwaka ni adimu zaidi.

Hata hivyo, hoja hizo zote hazikutupatia amani, kwa sababu moja. Fedha zilizokuwa hatarini hazikuwa zetu. Ni rahisi sana kwa padre kuwa mwadilifu kwa fedha za mjane. Sisi tungesema ukweli tukasifiwa, naye angekosa ada ya mtoto. Tukaona hatuna haki ya kuamua peke yetu. Tukafunga safari kwenda Ipinda.

Shemeji yetu alikuwa anapepeta mchele barazani. Alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akanyamaza muda mrefu. Mwanzoni alikasirika. “Shemeji, wewe huna mtoto anayerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada,” alisema, nasi tuliinamisha kichwa, maana ni kweli. Akaendelea kupepeta. Hatimaye akachukua mchele kiganjani, akasema: “Huko mjini wanachukua mchele wa mahali pengine, wanachanganya na wetu kidogo ili unukie, wanaandika Kyela kwenye gunia. Mteja akipika mara moja, hatuamini tena hata sisi tunaouza wa kweli. Kila msimu nawalaani watu hao. Leo niwe mmoja wao? Mwambie mwalimu.”

Tulimwita mwalimu arudi, safari hii saa nane mchana. Tulikiwasha kiyoyozi, tukaketi naye chumbani mpaka kikazima, tukamweleza maneno ya fundi bila kupunguza. Tulimwomba radhi kwa ile asubuhi. Alinyamaza, akauliza maswali mengi kuhusu bati na choo, nasi hatukumlaumu. Aliyefichwa moja ana haki ya kushuku kumi. Mwishowe aliomba apunguziwe shilingi 700,000, tukakubali. Alipohamia, kazi yake ya kwanza ilikuwa kutoboa matundu ya hewa chini ya mapaa, ili joto la bati lipate pa kutokea. Kiyoyozi atanunua baadaye, akipenda.

Zile 700,000 zilikuwa pengo la kweli katika ada. Hatuwezi kuwaambia kwamba zilirudi kwa njia ya ajabu, hazikurudi. Wanandugu wanne tuligawana pengo hilo, nasi tukiwemo, na bado tunalilipa kidogo kidogo. Tuliona ni haki kwamba anayemshauri mwenzake kusema ukweli abebe naye sehemu ya gharama yake.

Wapendwa, huenda katika familia zenu kuna nyumba, pikipiki au ng'ombe anayesubiri mnunuzi. Kabla ya kumpangia saa ya kuja, jiulizeni kwa nini mmeichagua saa hiyo.