Siku Saba za Kuaga Kerala

Habari za kwenda ugenini zimekwisha kuandikwa na wengi, lakini habari za kuondoka ugenini ni wachache wazisimuliao. Mimi nilikaa mwaka mmoja katika mji wa Kochi, jimbo la Kerala, kusini ya Bara Hindi, nikijifunza kuweka hesabu za vyama vya ushirika. Nilifika Aprili 2024, nikaondoka Aprili 2025. Katika juma la mwisho nikaona kwamba kufunga sanduku ni kazi ya saa moja, bali kuaga watu ni kazi ya juma zima.

Kerala ni nchi nyembamba, upande mmoja milima, upande wa pili bahari. Minazi imejaa kila mahali. Wanawake huko husokota kamba za makumbi kama wafanyavyo mama zetu wa Unguja, hata harufu ya makumbi yaliyolowekwa ni ile ile. Tena njia ya kwenda huko ni ya zamani. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama aliondoka Malindi mwezi wa Aprili, akiongozwa na rubani aliyepewa na Sultani wa Malindi, na kabla ya mwezi kwisha alikuwa amekwisha kufika karibu na Calicut, katika pwani hiyo hiyo ya Kerala.

Siku ya Jumatatu nikaenda kuliona kaburi lake. Alifia Kochi mwaka 1524, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Fransisko. Jiwe liko, limezungushiwa ukingo, lakini mifupa haimo. Wareno waliichukua baada ya miaka kama kumi na mitano, wakaipeleka kwao. Nikasema moyoni, kumbe hata yeye aliyekuja na mizinga alirudishwa nyumbani. Sembuse mimi niliyekuja na sanduku moja!

Jumanne ilikuwa siku ya vitabu. Ndege inataka kilo zake, na vitabu vyangu vilikuwa vizito kupita nguo. Nikashauriwa nivipeleke kwa posta, lakini kwanza nimtafute fundi cherehani. Nikauliza, "Fundi wa nini?" Wakacheka. Yako mazoea ya zamani huko ya kushona kifurushi ndani ya kitambaa cheupe kama mtoto anavyovishwa, kisha mishono hutiwa lakiri. Fundi alikuwa mzee, miwani imefungwa kwa uzi. Akashona kwa mkono, polepole, kisha akaniambia niandike anwani kwa wino. Nikaandika Ifakara, Tanzania. Akalitamka jina hilo mara tatu, "I-fa-ka-ra," mpaka likamkaa ulimini. Kifurushi kilifika nyumbani miezi mitatu baada yangu, na uzi mmoja haukukatika.

Jumatano jioni nikavuka kwa boti kwenda Fort Kochi kuziaga nyavu za Kichina. Ni nyavu kubwa sana, zimefungwa kwenye miti mirefu ukingoni mwa maji, nazo hufanya kazi kama mizani. Upande mmoja ni wavu, upande wa pili ni mawe yaliyoning'inizwa kwa kamba. Watu wanne, watano au sita wakizivuta kamba, mawe hushuka na wavu huinuka na samaki wake. Mkubwa wa wavuvi akaniita kwa mkono, "Vaa, vaa!" yaani njoo. Nikavua viatu, nikavuta nao. Viganja vikaniwaka moto. Tulipata samaki wa kujaza kibaba na kaa mmoja. Kaa wakanipa mimi. Njiani katika boti akaikata kamba yake, akaanza kutembea chini ya viti, akina mama wakainua miguu na kupiga kelele, mtoto mmoja akamkamata kwa ustadi. Nikamwachia awe wake, kwani alikuwa amemstahili.

Alhamisi ndiyo siku nisiyoweza kuisahau. Nilikwenda Kuttanad kumwaga baba wa mwanafunzi mwenzangu, mzee tuliyemwita Appachan. Unapanda treni mpaka Alappuzha, kisha boti. Kuttanad ni nchi ya ajabu: mashamba ya mpunga yako chini ya usawa wa bahari, mahali pengine mita moja hadi mbili. Watu wamejenga matuta ya udongo kuzunguka mashamba, maji husukumwa nje kwa pampu, na mpunga hupandwa mahali palipokuwa ziwa. Mwaka 2013 shirika la FAO la Umoja wa Mataifa lilikitambua kilimo hicho kuwa urithi wa dunia nzima. Lakini urithi haumzuii mvua. Agosti 2018 mafuriko yaliua watu zaidi ya 400 katika jimbo la Kerala, na watu wengi sana wa Kuttanad walihama nyumba zao.

Nilikuta mavuno yamekwisha. Mpunga wa Appachan ulikuwa umerundikwa juu ya tuta, ukingoja wanunuzi. Wanunuzi hupima unyevu, na mpunga uliolowa hukatwa uzito. Ndani ya lundo lile mlikuwa na deni la mbegu, deni la mbolea, na karo ya binti wa mwisho. Saa kumi na moja jioni mawingu meusi yakaja kutoka milimani. Boti ya mwisho ilikuwa karibu kuondoka, nami kesho yake saa nne nilitakiwa niwe ofisini kwa karatasi zangu za kuondokea. Appachan akaniambia, "Nenda, mwanangu, usichelewe."

Wasomaji, mimi nimezaliwa bonde la Kilombero. Najua mvua ikinyeshea mpunga uliovunwa maana yake ni nini. Boti ikaenda bila mimi. Tukavuta maturubai, majirani wakaja mbio juu ya matuta, wengine kwa mitumbwi wakisukuma kwa upondo, hata wale waliokuwa na mpunga wao wa kufunika walikuja walipomaliza wao. Upepo ukalipeperusha turubai moja. Tukalilalia kwa matumbo yetu, watu watano, mpaka mawe yalipoletwa. Mvua ilinyesha saa mbili. Usiku tukala wali na samaki, nguo zimelowa, mpunga mkavu. Alfajiri nikapanda boti ya kwanza, nikafika ofisini na matope miguuni. Karani akaitazama miguu yangu, akagonga mhuri bila neno.

Jumamosi nikaenda kulipa deni kwa muuza chai. Daftari lake lilionyesha rupia 132. Nikampa zote. Akanirudishia rupia 12, bei ya kikombe kimoja, akasema deni hilo libaki, ili niwe na sababu ya kurudi.

Huko Kerala hawapendi mtu aseme, "Naenda." Ni kama kuufunga mlango. Husema "Poyittu varaam," maana yake, nitakwenda kisha nitakuja. Jumapili asubuhi mama mwenye nyumba alisimama mlangoni mpaka niliposema maneno hayo kwa sauti, ndipo akanipa mkono.

Majuma matatu baadaye Appachan akaniletea habari kwa simu: mpunga umenunuliwa wote, haukukatwa hata kilo moja, na binti amelipiwa karo. Nilifurahi kama aliyeuza wa shamba lake. Ndugu zangu, mkiwapeleka watoto wenu masomoni mbali, wafundisheni kuaga. Aondokaye kama mwizi hana pa kurudia. Mimi nina rupia 12 zinazoningoja ng'ambo ya bahari, wala siharakii kuzilipa kwa posta.