Bei, Thamani na Uchaguzi wa Kazi: Kumbukumbu za Mikelenge

Mji wa Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema, umegawanyika katika komini tatu, yaani vitengo vya utawala wa mji: Kasuku na Mikelenge zilizo upande wa kushoto wa mto Lualaba, na Alunguli iliyo ng'ambo. Bidhaa isiyolimwa wala kuvuliwa karibu na mji huu hufika hasa kwa njia chache: kwa reli inayotoka kusini kupitia Kongolo, kwa mto unaoteremka hadi Ubundu, kwa ndege, au kwa baiskeli zinazosukumwa na watembea kwa miguu katika vijia vya msituni. Kwa sababu hiyo kijana wa Mikelenge hujifunza mapema kwamba bei ya kitu hutengenezwa njiani zaidi kuliko kiwandani. Kumbukumbu hizi zinaeleza jinsi maarifa hayo ya sokoni yalivyokutana na vitabu vya biashara, na jinsi kizazi kilichokua katika miaka ya 1990, ambacho mwandishi ni mmoja wao, kilivyobadili namna yake ya kufikiri juu ya kazi.

Kabla ya vitabu kulikuwa na kopo. Mchele, ambao ulienea Maniema pamoja na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu waliofanya makao Kasongo na Nyangwe katika karne ya 19, uliuzwa kwa kopo tupu la maziwa ya unga. Mama muuzaji alilijaza kwa kiganja, akajenga kilima juu ya mdomo wake mpaka punje zianze kuporomoka, akalimimina katika mfuko wa mteja, kisha akaongeza ukufi mmoja wa mchele, nyongeza ambayo Wakongo huiita matabishi. Nyakati ambazo noti ndogo zilikosekana, bei haikuweza kupanda kidogo kidogo, kwa hiyo kilichoshuka kilikuwa kile kilima. Kitako cha kopo kiligongwa kikaingia ndani kidogo, na ukufi ukawa wa vidole vitatu. Mteja mzoefu hakuuliza bei, alitazama mikono. Zaidi ya hayo, matabishi ya mteja wa kila siku hayakulingana na ya mpita njia, hivi kwamba watu wawili waliotoa noti ileile walikuwa wamelipa bei mbili tofauti. Jambo hili wataalamu huliita utofautishaji wa bei, na hulieleza kwa michoro na hesabu. Akina mama wa Mikelenge walilitenda kila asubuhi, kwa ustadi ambao haujapewa heshima inayoustahili.

Fedha yenyewe haikutulia. Mwezi Oktoba 1993 zaire mpya ilichukua nafasi ya ile ya zamani kwa kiwango cha 1 kwa 3,000,000, na tarehe 30 Juni 1998 faranga ya Kongo ikaingia kwa kiwango cha 1 kwa 100,000 za zaire mpya. Mfumuko wa bei, yaani hali ya bei kwa jumla kupanda kwa mfululizo huku fedha ikipoteza nguvu, uliwafundisha watu kutoweka akiba katika noti bali katika mabati, mafuta ya mawese, mbuzi na baadaye dola za Marekani. Kisha vita vilivyoanza Agosti 1998 viliufikia mji mwezi Oktoba, reli ikakatika, na kwa miaka kadhaa chumvi, sabuni na sukari zikategemea zaidi ndege. Chumvi ikawa inauzwa kwa kijiko.

Vitabu vya biashara viliingia Mikelenge kwa wingi kiasi baada ya vita, hasa baada ya treni ya kusini kuanza tena kufika mwaka 2004. Vilikuwa vya Kifaransa, mara nyingi fotokopi zilizobanwa kwa pini, vikiletwa na wanafunzi waliorudi kutoka Kisangani na Lubumbashi, na vilipita mkono kwa mkono hadi kurasa za mwanzo zikapotea. Kitabu cha Robert Kiyosaki cha mwaka 1997 juu ya baba tajiri na baba maskini kilisomwa kuliko vingine, ingawa kwa maoni ya mwandishi ndicho kilichosaidia kidogo kuliko vyote, kwa kuwa kinachukulia kwamba nyumba ina hati ya kuaminika na kwamba benki iko tayari kukopesha. Faida kubwa ilipatikana katika muhtasari wa somo la uchumi, ambamo wanafunzi walikutana na fumbo la mwanauchumi Adam Smith la mwaka 1776: kwa nini maji, ambayo bila hayo hakuna uhai, yana bei ndogo, wakati almasi isiyo na matumizi makubwa ina bei kubwa? Jibu lilitolewa mwaka 1871 na mwanauchumi Carl Menger huko Vienna, aliyeonyesha kwamba mtu hapimi thamani ya maji yote ya duniani, bali ya kile kipimo kimoja cha ziada anachokihitaji wakati huo na mahali hapo. Kwa msomaji wa Kindu jibu hilo lilikuwa dhahiri, maana maji ya Lualaba hayana bei yakiwa mtoni, lakini yakishabebwa kwenye bidoni, yaani dumu, hadi mlangoni yana bei. Inafaa kukumbukwa pia kwamba mwaka huohuo wa 1871 mvumbuzi David Livingstone alikuwa Nyangwe, upande wa juu wa mto huu, akilitazama soko la wanawake waliobadilishana samaki na muhogo kwa mabishano makali, kabla ya mauaji ya kutisha yaliyofanyika sokoni hapo tarehe 15 Julai. Elimu iliyoandikwa Vienna ilikuwa tayari ikitendwa ukingoni mwa Lualaba.

Kilichokuwa kipya kweli ni hoja ya Peter Drucker, mwandishi wa vitabu vya uendeshaji wa biashara, kwamba mteja hanunui kitu chenyewe bali kile ambacho kitu hicho kinamfanyia. Kutokana na hoja hiyo, vitabu vya upangaji bei vinasema kwamba gharama ni sakafu na thamani anayoiona mteja ni dari, na bei hukaa katikati. Mpaka hapo vijana wa Mikelenge walikuwa wakifanya kazi sakafuni. Aliyechaji simu kwa jenereta alijumlisha petroli na oili, akagawa kwa idadi ya simu, akaongeza kidogo; alipoanza kujiuliza mteja anapoteza nini simu ikizimika, aligundua kwamba mfanyabiashara anayengoja habari za shehena yake yuko tayari kulipa zaidi ili simu irudi ikiwa imejaa na kwa saa iliyoahidiwa. Kupanga kazi kukaanza kuwa kutafuta mahali ambapo uhakika ni adimu: kutengeneza pikipiki na kuikabidhi siku iliyotajwa, kutunza mizigo bila upungufu, kuandika hesabu za mwenye duka asiye na muda.

Ualimu ulitoa somo gumu zaidi. Tangu miaka ya mwanzo ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa haitoshi kitu, wazazi walichangia malipo ya walimu, na kiasi kiliamuliwa katika mikutano ya shule. Mwalimu alikaa kwenye benchi akisikiliza majirani zake wakijadili thamani ya kazi yake kwa kuangalia uwezo wao wa kulipa. Mwezi Septemba 2019 serikali ilipotangaza elimu ya msingi bila malipo, mikutano hiyo ilikoma kwa shule nyingi za msingi, na watoto waliokuwa wakifukuzwa kwa kukosa ada wakarudi darasani. Hakuna kitabu cha bei kilichokuwa kimewaandaa wasomaji wake kwa jambo hili: kwamba kazi yenye thamani kubwa kabisa katika komini ilikuwa na dari fupi kwa sababu tu wanufaika wake ni watoto wa watu wasio na fedha.

Hapo ndipo vitabu vinapopaswa kusomwa kwa kupingwa. Kanuni ya dari inachukulia kwamba mteja anaweza kuondoka, akanunue kwingine au akose bila madhara. Wakati wa vita mteja wa chumvi hakuwa na pa kwenda, na kiasi alichokubali kulipa kilipima dhiki yake. Kizazi kilichokula mboga isiyo na chumvi kinaielewa tofauti hiyo, na wengi wao waliokuja kuwa wafanyabiashara wamekataa kupandisha bei ya dawa au ya chumvi treni inapochelewa, hata pale ambapo soko lingewaruhusu.

Kazi inayovuta vijana wengi leo ni uwakala wa fedha za simu, kama M-Pesa, ambayo Vodacom iliianzisha nchini mwaka 2012. Wakala hapangi bei, kwani kamisheni, yaani sehemu yake katika kila muamala, huamuliwa na kampuni, na vibanda vinne vinaweza kusimama bega kwa bega vikitoza sawasawa. Hata hivyo kimoja huwa na foleni na vingine havina, kwa kuwa mwenye kibanda hicho amehakikisha kwamba mama anayetoka Alunguli kwa mtumbwi jioni atakuta fedha taslimu, faranga na dola, noti za dola zikiwa hazijachanika hata pembeni, na hatarudishwa ng'ambo mikono mitupu.