Kutwa Moja Kisiwani Ibo

Mtu atakaye kwenda Ibo na kurudi siku hiyo hiyo hashauriani na saa ya ukutani, bali na maji. Kisiwa hicho, kimoja katika safu ya visiwa vya Quirimbas kwenye pwani ya kaskazini ya Msumbiji, kimezungukwa na mikoko na mafungu ya mchanga. Maji yapwapo, vijito vya mikokoni hukauka na mashua huketi juu ya tope. Kwa hiyo katika siku za bamvua abiria huondoka bara, kwenye diko la Tandanhangue karibu na Quissanga, kabla ya mapambazuko, na kurudi kwa maji ya jioni. Katikati yake pana kutwa nzima ya kutembea, apende mtu asipende.

Ndivyo walivyosafiri wageni watatu wa Mtwara mwezi Agosti mwaka 2011: sajini mstaafu wa polisi, mkewe, na mzee aliyemzaa mke huyo. Walikuwa wamevuka mto Ruvuma siku nne nyuma, wakafikia kwa rafiki yao, mwalimu wa shule mjini Quissanga, ambaye alijitolea kuwaongoza pamoja na mkewe. Mke wa mwalimu alichukua kikapu cha wali na samaki wa kukaanga. Sajini alichukua ratiba. Alikuwa ameiandika usiku kwa kalamu nyekundu, kila jambo na dakika zake, na aliwaamsha watu mapema mno hata wakafika dikoni mabaharia wakiwa bado wamelala ndani ya mashua. Mwalimu alidhani hiyo ni desturi ya kiaskari tu, akanyamaza kwa adabu.

Mzee hakuwa na ratiba. Alikuwa na jambo moja, nalo hakulitaja njiani. Alizaliwa uwanda wa Mueda, akakimbilia Tanganyika akiwa kijana baada ya Wareno kuwapiga risasi watu waliokusanyika hapo Mueda tarehe 16 Juni 1960. Kaka yake alibaki. Vita vya ukombozi vilipoanza tarehe 25 Septemba 1964, askari wa siri wa Kireno walikamata watu wengi wa mkoa wa Cabo Delgado, na mwaka uliofuata habari ilifika ng'ambo ya Ruvuma kwamba kaka huyo amepelekwa Ibo. Baada ya hapo haikufika habari nyingine.

Mashua ilitia nanga kukiwa kumepambazuka, na matembezi yakaanza. Ibo ni mji wa mawe uliozoea kupewa kisogo. Ulikuwa makao makuu ya Cabo Delgado mpaka mwaka 1902, utawala ulipohamishiwa Porto Amélia, mji uitwao Pemba leo. Wakubwa walikwenda zao, majumba yakabaki: baraza pana zenye nguzo, milango isiyo na mbao, mizizi ya miti iliyoshika kuta kama vidole. Mali iliyojenga majumba hayo ilikuwa pembe, na zaidi ya pembe ilikuwa watu waliouzwa. Jambo hilo halionekani kwenye chokaa, lakini mgeni asilisahau anaposifu uzuri wa nguzo.

Wageni walisifu kwa saa mbili za kwanza. Waliona kanisa jeupe uwanjani, wakaona akina mama waliopaka nyuso zao msiro mweupe, wakaonyeshwa mibuni inayomea nyuani mwa watu, maana Ibo ina kahawa yake yenyewe. Kimwani cha wenyeji walikisikiliza kwa makini, wakakuta kuwa wanaelewa zaidi ya nusu, na nusu iliyobaki ikajazwa na mwalimu. Kisha jua likapanda. Barabara za Ibo ni pana na hazina kivuli cha kutosha. Viatu vipya vya mke wa Sajini vikaanza kumla visigino, naye akavivua akavishika mkononi. Ngome ya São José, iliyojengwa mwaka 1760, ilipewa dakika kumi. Ile ya Santo António ilitazamwa kwa nje. Kila walipoketi kupumzika, Sajini alitazama saa yake akasimama. "Tumechelewa," alisema, na wakamfuata, hata wali ukaliwa watu wakiwa wamesimama.

Msomaji aliyefuatilia habari za pwani hiyo atajua kwamba matembezi kama hayo yalikuja kuwa shida. Vita vilivyoanza Mocímboa da Praia Oktoba 2017 vilisambaa wilaya kwa wilaya; kimbunga Kenneth kilikipiga kisiwa Aprili 2019; na wapiganaji walipouingia mji wa Quissanga Machi 2020, watu wa bara walijaza mashua zile zile kuvuka kwenda Ibo, safari hii wakiokoa roho zao. Lakini hiyo ilikuwa bado mbele.

Ngome kubwa, São João, iliwekwa mwisho. Ilijengwa mwaka 1791 kwa umbo la nyota, na mizinga yake ingali imeelekezwa baharini. Langoni waliketi mafundi wa fedha, wakifua mikufu myembamba mno. Mzee aliwasalimu, akawauliza taratibu wafungwa walikuwa wakiwekwa wapi. Mmoja wao akanyosha mkono bila kuuliza sababu: vyumba vyote vile, vinavyozunguka ua.

Mzee aliingia cha kwanza, akaweka kiganja ukutani. Alikuwa bado hapo Sajini aliposimama mlangoni.

"Baba, muda umekwisha. Maji hayatungojei."

Mzee aliondoa kiganja, akatoka. Hakusema neno. Binti yake alimtazama mumewe kwa jicho ambalo kila mume analijua, kisha akatazama chini.

Walifika gatini wakitoka jasho. Mashua ilikuwa imelala ubavu mchangani, na maji yalikuwa mbali, yakimeta tu. Nahodha alikuwa amejinyosha kivulini, kofia usoni.

"Nahodha, saa kumi na nusu hii!" alisema Sajini.

Nahodha aliinua kofia, akatazama maji, akatazama jua. "Saa tisa na nusu, ndugu yangu. Tulisema saa kumi na moja."

Mwalimu aliomba aione ile saa, na hapo ndipo kicheko kilipomtoka, akajizuia haraka. Saa za Msumbiji ziko nyuma ya za Tanzania kwa saa moja, na saa ya Sajini ilikuwa ingali Mtwara. Kutwa nzima walikuwa wamekimbizwa na mshale wa nchi nyingine.

Sajini hakucheka. Aliifungua saa mkononi, akampa mkewe, akamwendea mkwewe pale alipoketi.

"Baba, nimekukosea. Muda upo."

"Upo kiasi gani?"

"Saa nzima na zaidi."

Wakarudi wawili. Sajini hakuingia, alisimama langoni, karibu na mafundi, wima kama aliyepangwa lindo, na hakumwita mtu. Fundi mmoja alimwekea kigoda, akakataa. Jua lilikuwa limeshuka hata ua wote ukawa kivuli Mzee alipotoka, vumbi jeupe likiwa limemshika nyuma ya kanzu.

"Vyumba ni vingi," alisema. "Sikujua kipi ni chake. Nimeketi kidogo katika kila kimoja."

Mashua ilielea kama nahodha alivyosema. Ndani ya mikoko giza liliwakuta, baridi ya kusi ikawatoa abiria kwenye majivuno ya mchana, na mke wa mwalimu akagawa samaki waliosalia. Tandanhangue maji yalikuwa yamekwisha kuanza kurudi, na mashua ikasimama hatua nyingi kutoka ukingoni. Sajini alishuka wa kwanza, maji yakamfika mapajani. Akageuka, akainama, akamweka mkwewe mgongoni, akaenda naye polepole hadi nchi kavu.