Vidoa Vyeusi vya Puani Si Uchafu



Ndugu wazazi na wanafunzi, leo tuzungumzie jambo ambalo wakubwa hulidharau, lakini linawaliza vijana wetu kimya kimya. Ni vile vidoa vyeusi vidogo vinavyojaa puani, kidevuni na kwenye paji la uso kijana anapobalehe.

Mimi ni mwalimu wa madrasa hapa Buyenzi, Bujumbura. Mwaka jana binti mmoja wa miaka 15 alianza kukaa safu ya nyuma, mtandio ameuvuta hadi juu ya pua. Wenzake walikuwa wamemwambia, "Wewe hunawi vizuri, hata udhu wako una shaka." Mama yake naye, kwa huruma, alikuwa akimsugua kila usiku kwa dodoki, sabuni ya kufulia na ndimu. Ngozi ikachubuka, vidoa vikabaki palepale. Akaniuliza kwa sauti ndogo, "Maalim, swala zangu zinasihi?"

Nikamjibu, "Mwanangu, udhu wako ni sahihi. Ule weusi si uchafu." Kisha nikalieleza darasa zima.

Ngozi ya uso ina vitundu vidogo, na ndani yake mna tezi za mafuta. Wakati wa kubalehe homoni huzidisha mafuta hayo. Yakichanganyika na ngozi iliyokufa, huziba kitundu. Kizibo kikiwa wazi kwa juu hukutana na hewa, na pamoja na rangi ya asili ya ngozi, hugeuka cheusi. Basi mtu anaweza kutawadha mara tano kwa siku na vidoa visiondoke, kwa sababu vimo ndani ya kitundu. Kusugua hakuvifikii, bali huumiza ngozi ya juu.

Nini basi kifanyike?

1. Nawa uso kwa sabuni laini mara mbili kwa siku, asubuhi na usiku, na baada ya kutoka jasho. Nyakati nyingine maji ya udhu yanatosha. Jikaushe kwa kugusisha taulo safi, bila kusugua.

2. Usiminye. Kucha huumiza kitundu na kuingiza vijidudu, na ngozi yetu nyeusi ikiumia huacha baka linaloweza kukaa miezi. Ndimu na dawa ya meno pia huunguza.

3. Punguza mafuta mazito ya nywele, kwani huteremka kwenye paji la uso. Mabinti, fueni mitandio mara kwa mara. Jasho na mafuta hubaki kwenye ukingo wake.

4. Duka la dawa ulizia dawa ya kupaka yenye asidi ya salisiliki, asilimia 0.5 hadi 2. Hii husaidia kuzibua vitundu. Anza kidogo, siku moja moja, uone ngozi inavyopokea. Adapaleni nayo husaidia, lakini mwanamke mjamzito asiitumie, na yeyote amuulize kwanza mfamasia au daktari.

5. Subiri. Dalili njema huonekana baada ya wiki 6 hadi 8, mara nyingine zaidi. Anayebadilisha dawa kila Ijumaa hatajua ipi ilimfaa.

Wazazi, hapa nawasihi hasa. Mtoto akikata tamaa, wa kwanza kumkaribisha ni muuza krimu za kung'arisha ngozi. Baadhi ya krimu hizo zina zebaki, ambayo hudhuru figo. Nyingine zina dawa kali za steroidi, ambazo hulainisha uso siku chache, kisha ngozi huwa nyembamba na chunusi huzidi. Krimu isiyoonyesha imetengenezwa kwa vitu gani isiingie nyumbani kwako. Na kama kuna majipu yenye usaha au uvimbe unaouma, mpelekeni hospitali mapema kabla halijabaki kovu.

Yule binti sasa ananawa kwa utaratibu. Vidoa vimepungua, havijaisha vyote, lakini amerudi safu ya mbele na sauti yake inasikika anaposoma. Aliyemtuliza kwanza si dawa, ni kujua kwamba hakuwa mchafu.

Basi tuchunge ndimi zetu. Kijana mwenye vidoa usoni anavijua kuliko sisi, amevitazama kwenye kioo tangu alfajiri. Tumpe elimu na sabuni laini, tusimpe jina.

Wabillahi tawfiq.